Mkono Umefika Sikioni

Nimestaafu. Msicheke. Juzi nilimwambia hivyo mama mmoja muuza nyanya pale sokoni Mirongo, akacheka mpaka akaegemea fungu la mwenzake likaporomoka. "Umestaafu nini wewe, na mtoto wako hata meno ya utoto hajang'oa?" Nikamwambia kustaafu hakungoji mvi. Akanifungia nyanya zangu huku anatikisa kichwa, kama vile nimemwambia nimekuwa askofu.

Kazi niliyostaafu ni ya kufundisha watoto wadogo ngoma na michezo, katika ukumbi mmoja huko Nyakato ambao zamani ulikuwa ghala la pamba. Naandika haya kwa ajili yenu, wadogo zangu mliomaliza fomu foo majuzi, mnaochukuliwa na vituo vya watoto vinavyoota kila mtaa siku hizi kama vibanda vya soda. Mnapewa kanga ya sare, mnaitwa "mwalimu", mnasukumiwa watoto, basi. Hakuna anayewaambia mtoto gani akae wapi na kwa nini. Naandika pia kwa ajili ya kina mama wanaokuja wamewakamata watoto mikono kama wanaingiza mbuzi mnadani, wakitaka wapandishwe darasa. Hao nitawasema vibaya. Asiyetaka kusikia aishie hapa, akapike.

Nilianzia katika kiwanda kimoja hapa mjini, wakati bado kina chumba cha kulelea watoto wa wafanyakazi. Mama anaingia zamu, anaacha mtoto, anatoka zamu, anachukua mtoto. Mkubwa wa chumba alikuwa Mama Kabula, mwanamke mfupi, mvutaji wa ugoro, mwenye mdomo ambao hata mameneja walikuwa wanazunguka nyuma ya jengo wasikutane nao. Siku yangu ya kwanza alinikagua kuanzia viatu.

"Umesoma?"

"Ndiyo, shikamoo mama. Nimemaliza kidato cha nne."

"Marahaba. Haya, msomi, nipangie hawa watoto tucheze ngoma."

Nikawapanga. Wafupi mbele, warefu nyuma, mstari umenyooka kama paredi ya Mwenge. Nikarudi nyuma kuutazama, roho kwatu. Mama Kabula akaubinua mdomo wenye ugoro. "Unapanga watoto, mayu, au unapanga chupa za bia kwenye kreti?" Mayu ni mama kwa Kisukuma, na yeye aliwaita hivyo wanawake wote, hata mimi ambaye wakati huo sikuwa na mtoto wala mchumba.

Kabla dakika hazijawa nyingi mstari wangu ulikuwa umekufa. Mmoja amelala palepale aliposimama. Mmoja anamvuta mwenzake nywele. Mmoja analia, na aliyelia alikuwa yule mrefu kuliko wote, niliyemweka nyuma nikidhani ndiye mkubwa. Kumbe alikuwa na miaka mitatu, mtoto wa kipande cha baba kutoka Shinyanga.

Hapo ndipo nilipofundishwa jambo la kwanza, nalo nawapa bure. Msimpime mtoto akiwa mzima na furaha zake. Mpimeni akichoka. Mtoto mdogo akichoka analia. Wa kati akichoka anachokoza mwenzake. Mkubwa akichoka anakuja kuomba maji. Mama Kabula alikuwa anawaacha wageni wacheze mpaka wachoke, yeye amekaa na kopo lake la ugoro. Halafu ananyoosha kidole: "Mkeka. Njuga. Njuga. Mkeka. Yule jembe."

Hayo ndiyo yalikuwa madarasa yake. Watoto wa mkeka walikaa chini, wakaimba na kupiga makofi, kama wakubwa wanavyokaa wakicheza wigashe. Watoto wa njuga walifungwa njuga miguuni wakajifunza kukanyaga pamoja. Na watoto wa majembe walicheza bugobogobo, ile ngoma ya wakulima, wakiwa na vijembe vya mbao alivyowachongea fundi wa kiwandani. Mnaijua ile ngoma. Jembe linazungushwa, linarushwa, linadakwa, na la mwenzako linapita karibu na sikio lako. Mtoto wa mkeka hawezi kusimama hapo, hata awe mrefu kama mlingoti. Macho yake bado hayajajifunza kutazama mikono ya mwenzake. Anatazama ya kwake tu, au anamtafuta mama yake mlangoni.

Jambo la pili: ngoma isikatike. Mama Kabula ndiye aliyekuwa anapiga, na hata mtoto akianguka, akijikojolea, akivuliwa nguo mbele ya wageni, mkono wake haukusimama. "Ukikata ngoma," alisema, "watoto wote wanageuka kumtazama aliyeharibu. Ukiendelea, hakuna aliyeharibu." Likumbukeni hilo, litarudi.

Msidhani Mama Kabula alikuwa malaika wa kupanga watoto. Mara moja aliletewa Masanja, katoto kafupi, kimya, kanakonyonya kidole. Akamtazama mara moja, akasema "mkeka", akaenda zake kunusa ugoro. Tuliporudi kutoka kupokea uji tulikuta Masanja amekaa juu ya mto kama mtemi, watoto wa mkeka wamemzunguka, wawili wanampepea kwa kanga na wa tatu anamlisha andazi la mtu mwingine. Alikuwa anakaribia kwenda darasa la kwanza! Ufupi ulikuwa wa ukoo. Mama Kabula alimshusha kwenye mto wake akamwambia, "Umenila, ngosha," kama anayemwita mwanamume mzima, akampa jembe. Hakuona haya, wala hakutafuta wa kumlaumu. Alimhamisha tu. Ndiyo tofauti ya mtu anayeijua kazi na mtu mwenye kiti cha kuzunguka.

Maana baadaye ilikuja ruksa, ile ya biashara huria. Kila kitu ruksa. Kiwanda kikaanza kupunguza watu, na cha kwanza kupunguzwa kilikuwa chumba cha watoto, kwa sababu watoto hawagomi. Aliyekuwa karani wa stoo akakodi ghala la pamba, akalipaka rangi ya waridi, akaandika ukutani kwamba ni kituo cha vipaji, akajiita Mkurugenzi. Nasi tukamwita Mkurugenzi, kwa kuwa tulikuwa hatuna kazi. Alituchukua wote wawili, Mama Kabula wa kupiga ngoma na mimi wa kufundisha. Pamba ilikuwa bado imejificha kwenye nyufa za ukuta. Watoto wa mkeka waliichokonoa wakaila.

Mkurugenzi hakupenda majina ya mkeka na njuga. "Ya kijijini haya." Akaweka bebi klasi, medo klasi na topu klasi. Nikamuuliza kama na ngoma itachezwa kwa Kizungu. Akasema nina mdomo. Nikasema nimerithi kwa Mama Kabula.

Kisha akaleta kipimo chake. Mnakijua, wengi wenu mlipimwa nacho kuingia darasa la kwanza. Mtoto anasimama, anapitisha mkono juu ya utosi, anajaribu kushika sikio la upande wa pili. Ukifika, amekua. Usipofika, arudi nyumbani akale ugali. Zamani, kijijini ambako hakuna mwenye kumbukumbu ya siku mtoto alipozaliwa, sawa, mtu angefanyaje. Lakini hapa mjini mama anajua mtoto wake alizaliwa zahanati gani, na nesi aliyemtukana akiwa kwenye uchungu anamjua kwa jina. Muulize! Hapana. Mkurugenzi alikaa mlangoni kwenye kiti chake cha kuzunguka, watoto wanapita mbele yake mmoja mmoja, mkono juu ya kichwa, kama wamekamatwa na polisi.

"Umefika. Topu klasi. Mwingine."

Na kina mama, Mungu wangu. Ilipojulikana kwamba ni sikio, walianza mazoezi majumbani. Ukipita uwanjani jioni unaona mama anafua huku anaamuru: "Vuta mkono! Vuta tena!" Mmoja alimfundisha binti yake kuinamisha kichwa kidogo, kwa ujanja, sikio lije kuufuata mkono. Mama Gradi alimnyoa mwanawe kipara kitupu usiku wa kuamkia siku ya kupimwa, kwa hesabu kwamba nywele zinarefusha safari. Mtoto kaja anang'aa kama balbu, mkono ukafika, mama akapiga kigelegele hapo mlangoni. Nikamuuliza:

"Mama Gradi, sasa umepata nini?"

"Mwanangu yuko topu klasi."

"Anaweza kufunga vifungo vya shati?"

"Atafungwa."

"Akitaka kwenda chooni anasema?"

"Mwalimu, wewe una wivu."

Wivu! Niwe na wivu na kipara. Wiki haikwisha mtoto akapigwa jembe la mbao kwenye paji la uso na mwenzake aliyekuwa anacheza vizuri tu, wala hakukosea. Aliyekosea ni aliyemweka pale. Uvimbe ukawa kama yai, na juu ya kipara uliona mpaka mishipa yake. Mama Gradi akaja kutukana. Alimtukana nani? Yule mtoto mwenye jembe.

Sikilizeni, wadogo zangu. Mama wa namna hiyo hataki mwanawe ajifunze kitu. Anataka kitu cha kusema kisimani. Topu klasi kwake ni kama kitenge cha waksi, anakivaa yeye. Na hapo mtaambiwa mna mdomo, mna wivu, hamjazaa. Semeni tu.

Katika miaka yote ile mama mmoja tu ndiye aliyeuliza swali la maana, naye ni Mama Nitin, mke wa mwenye duka la vitambaa mjini. Mtoto wake alipita kipimo, mkono ukalifunika sikio lote. Mkurugenzi akatangaza topu klasi. Mama Nitin hakusogea. Aliingia ukumbini na viatu vyake mkononi, akatazama madarasa yote matatu, akanijia.

"Mwalimu, wapi yeye atacheka?"

Nikamwambia, "Kwenye njuga, mama."

"Basi, njuga." Akamgeukia Mkurugenzi. "Yeye mwenyewe ataomba jembe akichoka na hiyo." Na kweli, mwaka uliofuata Nitin alikuja mwenyewe akanivuta sketi akaniomba jembe. Alicheza bugobogobo mpaka bibi zake waliokuja kumtazama wakashindwa kukaa kwenye viti.

Sasa nifike kwenye langu, maana bila hilo nisingeshika kalamu.

Binti yangu anaitwa Milembe. Baba yake ni mrefu, babu yake alikuwa anainama kuingia kanisani. Milembe alipokuwa na miaka minne alikuwa na miguu ya mtoto wa sita. Lakini alikuwa wa minne, mnanielewa? Alikuwa anaongea na mfuniko wa sufuria. Aliamini ziwa linalala tukizima taa. Na ngoma aliipenda kuliko chakula. Alikaa kwenye mkeka na wenzake, akapiga makofi kwa mwili mzima, na nyumbani hakuna sufuria iliyosalimika. Baba yake akitoka zamu ya usiku kiwanda cha samaki alikuwa ananiomba, "Mke wangu, nifichie hata mwiko." Hatukuuficha.

Mama yangu akavunjika mguu huko Ukerewe. Nikapanda meli kwenda kumuuguza, Milembe nikamwacha kwa mama mkwe, mwanamke mwema, mpishi mzuri, na mwenye mashindano na jirani yake tangu ujana wao. Mjukuu wa jirani alikuwa topu klasi. Mmeshajua kilichofuata. Mama mkwe alimvalisha Milembe gauni la mtumba lenye riboni, akampeleka kwa Mkurugenzi, akamwambia, "Mwambie babu mkono wako unafika wapi."

Ulifika. Kwa miguu ile na mikono ile, ungekosaje kufika?

Mkurugenzi naye alikuwa na shida yake. Kulikuwa na mgeni rasmi anakuja, mfanyabiashara wa minofu ya sangara, ambaye ilisemwa huenda akakiezeka kituo upya. Mstari wa majembe ulikuwa na pengo, mtoto mmoja amehamia Geita na wazazi wake, na Mkurugenzi alitaka mstari ulio sawa vichwa. Milembe alitosha pengo lile kama tofali.

Niliporudi nilimkuta mwanangu amekaa uani, anatafuna kola ya gauni. Sufuria zimenyamaza. Nikamsalimia, nikampa samaki wa kukaanga niliomletea, akala. Nikamwambia, "Nipigie ngoma ya kunikaribisha." Akaficha mikono mgongoni.

"Majembe yanakuja," akasema.

Mama mkwe akatoka jikoni anang'aa. "Amevuka darasa, mwanangu! Mkono umefika!"

"Shikamoo mama. Amevuka kwenda wapi?"

"Marahaba. Topu klasi! Jirani hajanisalimia tangu juzi."

Sikumjibu, ni mama wa mume wangu. Nilikwenda ukumbini kesho yake asubuhi, nikamkuta yule ambaye si mama wa mtu.

"Mkurugenzi, mwanangu ana miaka minne."

"Mkono umefika, mwalimu."

"Hata wa nyani unafika."

"Utaratibu ni utaratibu. Nikimrudisha wako, na wa Mama Gradi nimrudishe? Na wa mwenyekiti wa mtaa?"

"Ndiyo! Warudishe wote!"

Akazungusha kiti akanipa mgongo. Mpaka leo nikiona kiti cha kuzunguka natamani kukipiga teke. Akasema onyesho ni Jumamosi, likishapita atafikiria. Na kama namtoa mtoto, akasema, nijitoe na mimi, maana mwalimu asiyekubali kipimo cha kituo hawezi kuwafundisha wengine kukikubali.

Nikamwambia Mama Kabula. Alikuwa anaianika ngoma yake juani, ngozi ikaze. Akaniuliza, "Wewe unataka nini?"

"Nataka apige sufuria."

"Basi usizungumze na yule. Yule hajawahi kupiga sufuria."

Mazoezini nikamweka Milembe mwisho wa mstari, mbali na jembe la mwenzake, lakini Mkurugenzi akapita na kumrudisha katikati, vichwa viwe sawa. Nilimtazama mwanangu. Kila majembe yaliporushwa, alifumba macho. Wenzake wanadaka, yeye amefumba. Jembe lake linaanguka miguuni, analiokota, anafumba tena. Hakulia. Angelia ningefurahi. Alikuwa amesimama kama mtu anayengoja sindano.

Nyumbani nilimwambia mume wangu kwamba Jumamosi Milembe hatakwenda. Mume wangu akasema ndivyo. Mama mkwe akasema kama hatakwenda, yeye atakwenda Misungwi kwa dada yake wala hatarudi, maana ameshamwalika jirani. Tukanyamaza wote, na Jumamosi akavalishwa. Hivyo ndivyo mambo ya kijinga yanavyofanyika katika nyumba zenye heshima.

Ukumbi ulijaa. Mgeni rasmi alikaa kwenye kochi lililoazimwa kwa mchungaji, mbele yake meza yenye soda na maua ya plastiki. Watoto wa mkeka waliimba vizuri, mmoja akalala katikati ya wimbo kama kawaida. Njuga zikapita salama. Halafu Mama Kabula akabadilisha mpigo, na watoto wa majembe wakaingia, vichwa sawasawa kama Mkurugenzi alivyotaka, na katikati yao Milembe, macho kwangu.

Jembe la kwanza likarushwa, akafumba. La pili likampita juu ya bega. Mtoto wa kulia kwake, binti hodari anayeitwa Kulwa, akamsogelea kama ngoma inavyotaka, jembe linazunguka, na Milembe badala ya kurudi nyuma akasogea mbele, amefumba, moja kwa moja kwenye jembe.

Sijui nilifikaje. Najua tu kwamba jembe lilinigonga kiwiko na lilikuwa limeelekea mdomoni mwake. Nikamnyanyua. Nikampakata mbele ya mgeni rasmi, mbele ya mchungaji, mama mkwe na jirani yake. Ukumbi ukavuta pumzi, na Mkurugenzi akawa amesimama, mdomo wazi.

Ngoma haikukatika.

Mama Kabula hakunitazama hata. Alipunguza mpigo, akauleta chini, ule wa mkeka. Watoto wa majembe wakajua cha kufanya, wakaanza kuzunguka taratibu. Watoto wa mkeka waliposikia mpigo wao wakaanza kuimba bila kuambiwa. Nikatembea na mwanangu mpaka kwenye mkeka, hatua zangu zikifuata ngoma, maana nimeifundisha miaka mingi na miguu haisahau. Nikamkalisha katikati ya wenzake. Mmoja akamsogezea nafasi. Mwingine akamshika goti. Nami nikasimama nyuma yao, kiwiko kinawaka moto, nikingoja aniume au alie. Hakufanya lolote. Alikaa tu, macho wazi.

Watu wakasimama wakapiga makofi. Walidhani ndivyo ngoma ilivyo!

Mgeni rasmi akafuta jicho kwa leso. Aliposimama kuzungumza alisema ameona ngoma nyingi, lakini kile kipande cha mama anayemtoa mtoto shambani na kumrudisha nyumbani kimemgusa, na akamwomba Mkurugenzi akitunze. Mkurugenzi akainama akapokea sifa. Nilimtazama akizipokea. Dakika moja kabla alikuwa ananitolea macho ya kunifukuza.

Wageni walipoondoka alinijia na soda mbili, amezifungua mwenyewe.

"Mwalimu, kwanza umeniaibisha. Lakini nimekusamehe. Kile kipande tutakiweka cha kudumu."

"Kipande gani?"

"Cha mtoto. Kuna harusi mwezi ujao, halafu kuna sherehe ya wafanyabiashara. Anaingia na majembe, anaogopa, wewe unaingia unamchukua. Safi sana."

"Anaogopa kwa sababu anaogopa kweli."

"Ndiyo uzuri wake."

"Na akishazoea, asipoogopa tena?"

Akanywa soda. "Afundishwe."

Nikadhani nimesikia vibaya. Nikamuuliza, "Nimfundishe mwanangu kuogopa?"

"Anaelewa vitu haraka," akasema. "Mkono si umefika?"

Nilizifungua njuga nilizojifunga mkononi kwa ajili ya onyesho, nikamvisha Mkurugenzi shingoni, pale pale, zikalia. Nikamwambia, "Fundisha wewe." Nikamchukua Milembe nikatoka. Ndiyo sherehe yangu ya kuagwa. Mama Kabula alibaki, ana wajukuu wa kulisha, wala simlaumu. Alinisindikiza mpaka barabarani, akanipaka ugoro kidogo kwenye kiwiko kilichovimba, dawa yake ya kila kitu. "Ulitembea vizuri," akasema. "Ila mguu wa kushoto ulichelewa."

Naambiwa kile kipande bado kinachezwa, na mtoto mwingine na mwalimu mwingine. Nimeambiwa mtoto anajua kulia kwa mpigo. Mwalimu huyo, mdogo wangu, kama unasoma hapa: jina lako silijui, lakini unanielewa. Mwangalie akichoka. Umpeleke panapomfaa, na mpigo usiukate.

Kuhusu Milembe. Sufuria zilikaa kimya muda mrefu. Nilikuwa naziacha chini makusudi, mifuniko na miiko juu yake, naenda zangu nyuma ya nyumba. Hakugusa. Mama mkwe, ambaye hakwenda Misungwi, alianza naye kuziacha chini, bila kuniambia, nami sikumwuliza. Siku moja jirani yake akapita mlangoni akatukuta sisi watu wazima wawili tumezungukwa na sufuria kama mafundi bati. Akamtazama Milembe.

"Huyu mrefu hivi hasomi? Ana miaka mingapi?"

Nilikuwa nafungua kinywa changu kibaya, lakini mama mkwe akaniwahi.

"Minne," akasema. "Na ataimaliza yote."

Jirani akaenda. Sisi tukarudi kumenya mihogo, hatukutazamana. Nyuma yetu mfuniko uligonga sufuria mara moja. Ukatulia. Ukagonga tena.

Mama mkwe alitaka kugeuka. Nikamshika mkono.